Dawa ya udongoni na mitaro ya Gatwekera

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado nikifundisha biolojia, mwanafunzi mmoja aishiye Gatwekera, kule Kibera, aliniuliza swali lililonifedhehesha. Alikuwa ametumwa na mamake kumnunulia mdogo wake dawa ya homa ya matumbo katika kibanda cha dawa kilicho karibu na reli. Muuzaji, ambaye mtaani huitwa daktari ijapokuwa hakuna ajuaye kama aliwahi kuusomea udaktari, alimkatia vidonge sita kulingana na pesa alizokuwa nazo mkononi. Asubuhi iliyofuata kijana alikuja shuleni na kimoja cha vidonge hivyo, akakiweka juu ya meza yangu.

"Mwalimu, hiki hutengenezwa na nani?"

Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo walimu tunapotaka kipindi kiishe, kwamba hutengenezwa na makampuni ya dawa ng'ambo. Hakuridhika.

"Samahani, Mwalimu. Nauliza ni nani aliyekitengeneza mara ya kwanza, kabla ya hayo makampuni."

Nilikitazama kile kidonge. Kilikuwa cha kloramfenikoli. Nilikuwa nimelifundisha jina hilo kwa miaka mingi, likiwa moja katika orodha ya viuavijasumu ambayo wanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau jioni yake. Jibu la swali lake sikuwa nalo. Makala haya ndiyo deni ninalomlipa, nami nayaandika hadharani kwa kuwa nashuku si mimi peke yangu katika taaluma hii ninayedaiwa.

Hebu tuanze na ugonjwa wenyewe. Homa ya matumbo huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Kiumbe huyu hana makao mengine duniani ila mwili wa binadamu, na humwingia mtu kwa njia ya maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu mwingine. Kwa hiyo panapokuwa na homa ya matumbo, maana yake ni kwamba choo na mtungi wa maji vimekutana mahali fulani njiani. Mkazi wa Gatwekera hahitaji kuelezwa mahali hapo ni wapi. Mabomba ya plastiki ya wauza maji hupita ndani ya mitaro ileile ichukuayo maji machafu, na presha inaposhuka, bomba lenye ufa hufyonza kilicho nje yake.

Watu wengi hudhani kwamba vitongoji kama Kibera havina takwimu. La hasha! Gatwekera imechunguzwa kwa makini kuliko mitaa mingi ya wenye nacho. Tangu katikati ya muongo wa 2000, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, iliwaandikisha wakazi wa Gatwekera na wa kijiji jirani cha Soweto Magharibi. Walitembelewa nyumba kwa nyumba, na waliougua walitibiwa bila malipo katika Kliniki ya Tabitha. Kliniki hiyo ina jina la muuguzi Tabitha Atieno Festo, aliyeanza kwa mtaji mdogo wa kuuza mboga, akafungua zahanati katika nyumba yake mwenyewe, akafariki mwaka 2004 kabla hajaona ilivyokua.

Mwaka 2012 Robert Breiman na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi huo. Katika vijiji hivyo viwili vya Kibera, kwa kila watu 100,000, walipatikana wagonjwa 247 wa homa ya matumbo kwa mwaka. Huko Lwak, katika sehemu za Asembo kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa hesabu hiyohiyo walipatikana 29. Walioshikwa zaidi Kibera walikuwa watoto wasiotimiza miaka 10. Na lililo zito zaidi ni hili: takriban robo tatu ya bakteria waliooteshwa maabarani kutokana na damu ya wagonjwa hao wa Kibera hawakusikia dawa tatu za tangu zamani, yaani ampisilini, kotrimoksazoli na kloramfenikoli.

Dawa hizo tatu hazina asili moja, na tofauti hiyo yafaa kufundishwa. Ampisilini ni ndugu wa penisilini, ambayo chimbuko lake ni kuvu. Kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Septrin, iliundwa na wanakemia wenyewe bila kuiga kiumbe chochote. Kloramfenikoli iliundwa na bakteria. Naam, kidonge kilichowekwa juu ya meza yangu ili kumuua bakteria mmoja kilibuniwa na bakteria mwingine.

Huyo mwingine aliishi udongoni. Katika miaka ya 1940 Paul Burkholder wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa akikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kuotesha vijidudu vilivyomo. Katika udongo wa shamba moja karibu na Caracas, mji mkuu wa Venezuela, alimpata bakteria aliyetoa kitu kilichowaangamiza bakteria wa aina nyingi. Akapewa jina la Streptomyces venezuelae. Habari zake zilitangazwa mwaka 1947, na kampuni ya Parke-Davis ikaikamua dawa kutoka kwake.

Mwaka uliofuata madaktari wa Kimarekani, wakiwemo Joseph Smadel na Theodore Woodward, waliichukua dawa hiyo hadi Kuala Lumpur ili kuijaribu dhidi ya homa nyingine kabisa, ile ienezwayo na utitiri wa vichakani. Katika wagonjwa waliopewa dawa walikuwamo waliodhaniwa kuwa na homa ya utitiri kumbe wana homa ya matumbo. Wakapata nafuu! Waganga hao hawakulipuuza kosa lao. Waliwatibu wagonjwa 10 wa homa ya matumbo kwa makusudi, na homa ambayo ilizoea kumlaza mtu kwa majuma kadhaa ikashuka kwa siku chache. Hadi wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa.

Jambo moja lingeweza kumfanya msomaji adhani kwamba hadithi ya bakteria wetu iliishia hapo. Mwaka 1949 Mildred Rebstock na wenzake wa Parke-Davis waliweza kuiunda kloramfenikoli kwa kemia tupu, na tangu siku hizo viwanda havimhitaji bakteria wa Venezuela. Ndiyo maana jibu nililompa mwanafunzi wangu halikuwa uongo mtupu. Lakini baada ya viwanda kumwacha, wanabayokemia waliendelea kumfuata miaka na mikaka, na waliyoyajua kwake yanatuhusu sana sisi tuishio karibu na mitaro.

Mmoja wa hao alikuwa Leo Vining, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dalhousie mjini Halifax, Kanada. Kwa miongo kadhaa mtaalamu huyu alishughulikia swali la kijana wangu: dawa hii hutengenezwaje, hatua kwa hatua, ndani ya seli ambayo jicho haliioni? Njia waliyoitumia watafiti wa fani hiyo ni rahisi kueleza ingawa ni ngumu kutenda. Mtafiti humlisha bakteria chakula chenye atomi zilizotiwa alama, kisha huikamua dawa na kutazama alama zimeangukia wapi. Fauka ya hayo, huwatafuta bakteria walioharibika jeni moja na kushindwa kuikamilisha dawa, akaangalia ni kitu gani kimelundikana ndani yao bila kumalizwa. Ni sawa na kupita katika karakana ya jua kali usiku, mafundi wakiwa wamelala, na kukisia kazi yao kwa kutazama vyuma vilivyoachwa nusu.

Yaliyobainika ni haya. Bakteria haanzi na malighafi ya pekee. Huanza na kitu kiitwacho korismati, ambacho kila bakteria wa udongoni anacho kwa kuwa hukitumia kujitengenezea asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Sehemu ya korismati hiyo Streptomyces huichepusha. Hutia nitrojeni mahali ambapo kwa kawaida haitiwi, akapata asidi amino isiyo ya kawaida. Kisha kimeng'enya kimoja kikubwa huishika asidi hiyo kama jiliwa lishikavyo chuma, na vimeng'enya vingine huja kwa zamu: kimoja huongeza oksijeni, kingine hupachika kipande chenye atomi mbili za klorini, kingine huing'oa kutoka kwenye jiliwa. Mwishoni kabisa kimeng'enya chenye madini ya chuma hugeuza ile nitrojeni kwa kuitia oksijeni. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho dawa haina makali ya kutisha. Baada yake, ni sumu. Mwaka 2001 kundi la Vining lilichapisha ramani ya jeni za karakana hiyo. Jeni hizo zimejipanga pamoja katika sehemu moja ya DNA, kama mafundi wa kazi moja waliopanga vibanda vyao mstari mmoja.

Sasa mwanafunzi makini atauliza, na nisingependa mwalimu yeyote amnyamazishe: ikiwa dawa hii huwaua bakteria, mbona haimuui aiundaye?

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kloramfenikoli huua kwa kujipachika katika ribosomu, ile mashine ndogo inayounganisha asidi amino kuwa protini. Ikishajipachika, mashine hukwama. Ribosomu za Streptomyces venezuelae nazo zinaweza kukwama vilevile. Bakteria huyu anakaa na moto ndani ya nyumba ya makuti. Imempasa basi awe na namna ya kujikinga, na kweli anazo zaidi ya moja. Anazo pampu katika utando wa seli za kuitoa dawa nje. Na mwaka 1995 kundi la Vining lilieleza kinga nyingine: kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye mkono mmoja wa molekuli ya dawa. Ikishabandikwa, dawa haiingii tena katika ribosomu, mfano wa ufunguo uliotiwa donge la lami.

Hebu msomaji aulinganishe ujanja huo na wa bakteria wa homa ya matumbo waliopatikana sugu. Wao wana kimeng'enya tofauti, ambacho hubandika kipande kiitwacho asetili badala ya fosfati. Lakini hukibandika kwenye mkono uleule mmoja wa molekuli ileile! Bakteria wa udongoni, anayejikinga na silaha yake mwenyewe, na bakteria wa tumboni, anayeikwepa dawa ya daktari, wamegundua pahali pamoja pa kuikaba kloramfenikoli.

Sisemi kwamba huyu wa tumboni alikiiba kimeng'enya chake kwa yule wa Venezuela. Vimeng'enya hivyo viwili havifanani kwa umbo, na kila kimoja kina ukoo wake. Hata hivyo kwa dawa nyingine ushahidi wa udugu upo. Mwaka 1973 Raoul Benveniste na Julian Davies, wakiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha kwamba bakteria wa udongoni wa jamii ya waundao dawa za ukoo wa streptomisini wana vimeng'enya vya kuzilemaza vinavyofanana na vile vya bakteria sugu waliotoka kwa wagonjwa hospitalini. Tangu hapo wataalamu wengi wamekubali kwamba usugu haukuzaliwa siku binadamu alipomeza kidonge cha kwanza. Ulizaliwa pamoja na dawa, udongoni, kabla ya binadamu kuwako. Kila aliyeunda sumu ilimlazimu aunde na ngao, na ngao, tofauti na sumu, yaweza kuazimwa.

Namna ya kuazimana ndiyo iturudishayo Gatwekera. Jeni za usugu za Salmonella Typhi aghalabu hukaa katika plasmidi, vipande vya DNA vilivyo kama pete, ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine hata asiye wa jamii yake. Pete moja huweza kubeba usugu wa dawa tatu au zaidi kwa pamoja. Kwa hiyo anayetumia ampisilini kiholela huweza kumlea bakteria asiyesikia kloramfenikoli ambayo hakuimeza kamwe. Ulimwengu ulitiwa adabu mapema kuhusu jambo hili. Mwaka 1972 mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo isiyosikia kloramfenikoli ulizuka Mexico na kuwashika maelfu ya watu. Hapa kwetu Profesa Samuel Kariuki wa KEMRI na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba homa ya matumbo sugu ya Kenya ilitokana zaidi na ukoo mmoja wa bakteria, uitwao H58, ambao pia umetapakaa Asia. Ukoo huo ulikuja kwetu ndani ya matumbo ya wasafiri, kisha mitaro ikaupokea.

Ninapofika hapa, nina neno na wale wahubirio kuhusu usugu wa dawa. Kila mwaka hufanyika warsha hotelini, na mabango hubandikwa: maskini wasinunue dawa bila cheti, wamalize dozi, wasigawane vidonge. Maneno hayo ni ya kweli, nami nimeyasema darasani. Mama aliyemtuma mwanawe kununua vidonge sita alifanya kosa. Lakini alifanya kosa kwa shilingi alizokuwa nazo, na ni rahisi mno kwetu sisi wenye bima ya matibabu kulaumu mkono ulionyooshwa dirishani pa kibanda cha dawa.

Utafiti uliofanywa Kibera kwenyewe waonyesha kwamba lawama hiyo ni nusu ya habari, tena pengine si nusu iliyo kubwa. Dakta Sylvia Omulo na wenzake waliwafuatilia wakazi kwa kipindi cha mwaka mmoja wakichunguza bakteria sugu waliomo matumboni mwao. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021, kubeba bakteria sugu kulihusiana na hali ya mazingira kuliko dawa walizokuwa wametumia watu hao. Kwa lugha nyepesi, mtoto wa Gatwekera ambaye hajawahi kuonja kiuavijasumu aweza kuwa na bakteria sugu tumboni kwa sababu ya pale achezapo na maji anywayo. Dozi ikamilishwe, ndiyo. Lakini tukiwafundisha wanafunzi kwamba usugu ni matokeo ya uzembe wa wagonjwa, tutakuwa tumewafundisha kuwadharau mama zao, na zaidi ya hayo tutakuwa tumewafundisha sayansi mbovu.

Wakazi wenyewe hawakungoja warsha. Pale Gatwekera kuna kituo cha choo cha Tosha, kilichojengwa kwa msaada wa shirika la Umande, ambacho hukusanya kinyesi katika tangi chini ya ardhi na kuwaachia bakteria wakigeuze kuwa gesi ya kupikia. (Ni somo zima la biolojia lililosimama barabarani, na sijui ni walimu wangapi wamewahi kuwapeleka wanafunzi wao.) Shirika la SHOFCO, ambalo Kennedy Odede alilianzisha akiwa kijana wa papo hapo Kibera mwaka 2004, liliyainua mabomba ya maji juu ya nguzo, yakawa yanapita hewani juu ya mapaa badala ya kupita mtaroni. Mtu asiyejua aweza kucheka akiona bomba limening'inia kama waya wa stima. Bomba hilo latenganisha choo na mtungi, na hivyo labda limezuia usugu zaidi ya mabango yote niliyowahi kuyaona. Mnamo Julai 2025 Serikali nayo ilianzisha chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14, hatua ambayo ilikuwa imesubiriwa kwa muda mrefu. Bakteria aliyezuiwa kuingia hahitaji dawa, na usugu wake haumsaidii kitu.

Pengine mwalimu mwenzangu atasema: ikiwa mambo ni maji na choo na chanjo, ya nini kuwachosha watoto na korismati na vimeng'enya? Lipo jibu. Dawa zitahitajika daima, na hizi tulizonazo zinachakaa. Mwaka 2002 DNA yote ya jamaa mmoja wa bakteria wetu, Streptomyces coelicolor, iliposomwa na kuchapishwa, wataalamu walikuta ndani yake zaidi ya karakana 20 za kuunda vitu vya namna hii, ilhali kwa miaka mingi ya kumchunguza walikuwa wamemwona akiunda vichache tu. Nyingine zote zimefungwa milango. Bakteria hazifungui bila sababu. Aghalabu hungoja njaa au shida nyingine. Anayejua jinsi karakana moja ifanyavyo kazi ndiye awezaye kubisha hodi katika nyingine. Mwaka 2014 wanasayansi wa kituo cha John Innes huko Norwich, Uingereza, waliihamisha karakana ya kloramfenikoli kutoka kwa Streptomyces venezuelae na kuitia katika huyo coelicolor, naye akaanza kuiunda dawa ambayo hakuwahi kuiunda maishani. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila ile subira ya miongo ya akina Vining.

Wala tusidhani kwamba udongo wenye kheri uko Venezuela peke yake. Bakteria aitwaye Actinoplanes, wa jamii moja na hawa tunaowazungumzia, huunda dawa ya kisukari iitwayo akabosi, ambayo kampuni ya Bayer ya Ujerumani imeiuza tangu mwaka 1990. Hati za hakimiliki ya uvumbuzi za kampuni hiyo zilitaja kwamba aina moja ya bakteria hao, SE50, ilitoka katika Ziwa Ruiru. Ndiyo, Ruiru hii yetu, mwendo wa matatu kutoka kituo cha Kibera ukibadilisha gari mjini! Karakana ya jeni zake ilichunguzwa na wanabayokemia Wajerumani katika Chuo Kikuu cha Wuppertal. Siwalaumu kwa kuichunguza. Nasikitika kwamba kwa miaka yote niliyofundisha kilomita chache kutoka Ruiru, hakuna kitabu cha kiada kilichopita mikononi mwangu chenye hata aya moja ya habari hiyo.

Vyuo vyetu vikuu vina idara za bayokemia, na vijana wetu wana akili. Kinachokosekana ni kuwaonyesha mapema kwamba jambo hili lawahusu. Hakuna haja ya maabara ya fahari kwa kuanzia. Mvua ya kwanza inapoanguka baada ya kiangazi, ile harufu tamu inayopanda kutoka ardhini hutokana kwa kiasi kikubwa na kitu kiitwacho jiosmini, na miongoni mwa wanaokitengeneza hasa ni Streptomyces hao hao. Hata Gatwekera harufu hiyo hupenya kwa dakika chache kabla mitaro haijafurika na kuishinda. Kila mwanafunzi ameinusa. Kwa hiyo amekwisha kukutana na mtengenezaji wa dawa, ila hakutambulishwa.

Nilikutana na yule kijana tena mwisho wa muhula. Nilimweleza habari za Caracas na za Kuala Lumpur, nikamchorea molekuli ubaoni na kumwonyesha mkono ule unaobandikwa. Aliutazama kwa muda mrefu, akauliza kama mwanakemia anaweza kuukata mkono huo ili bakteria sugu wasipate pa kushika. Nikamwambia kwamba wapo waliokwisha jaribu, kwa kuweka atomi ya florini mahali pa mkono huo, na dawa iliyopatikana, florfenikoli, hutumiwa kwa mifugo. Alitabasamu kwa namna ya mtu aliyefikiri jambo akakuta limefikiriwa.

Kisha nikamuuliza habari za mdogo wake. Alisema vile vidonge havikumfaa kitu. Mama alimbeba hadi kliniki usiku wa tatu, akadungwa dawa nyingine kwa siku kadhaa, akapona. Kidonge kile cha rangi mbili ninacho hadi leo, ndani ya kopo la chaki.